Fundi Anapochagua Polishi

Crown nyeusi imeegeshwa chini ya mkungu, Kinondoni, Dar es Salaam, na fundi bado hajafungua kopo lolote. Analaza kiganja juu ya boneti. Bati likiwa na joto atangoja, kwa sababu polishi ikikaukia juu ya bati la moto huganda na kuacha madoa.

Gari limeshaoshwa kwa ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia glovu ili mchanga usirudi kwenye rangi. Sasa anakanda kipande cha udongo laini wa kusafishia rangi mpaka kiwe bapa, analowesha boneti kwa maji ya sabuni, kisha anakipitisha taratibu bila kugandamiza. Mwanzoni kinakwaruzakwaruza: kinang'oa utomvu na vumbi la breki. Ukimya ukiingia, anakikunja upya na kusogea. Kikimponyoka kikaanguka chini, anakitupa hata kama ni kipya, maana kimeshashika mchanga.

Anawasha tochi. Mikwaruzo myembamba inajitokeza kwa duara kama utando wa buibui, kazi ya matambara machafu ya miaka mingi.

"Fundi, si upake nta tu ing'ae?" anauliza mwenye gari.

"Nta itaifunika, bosi wangu, haitaiondoa."

Wengi huchanganya polishi na nta. Polishi ina chembe za kusaga. Inapunguza klia, lile tabaka angavu lililo juu ya rangi. Nta haipunguzi kitu, inakaa juu na kukinga. Klia ya kiwandani mara nyingi ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wa kawaida, na kinachosagwa hakirudi. Ndiyo maana fundi haanzi na polishi kali, ingawa ingemaliza kazi mapema. Anachagua eneo dogo la boneti na kujaribu polishi laini kuliko zote kwa sponji laini kuliko zote, iliyofungwa kwenye mashine ya kung'arishia. Anafuta, anamulika. Mikwaruzo ipo. Habadilishi polishi, anabadilisha sponji tu, anaweka iliyo ngumu kidogo, anajaribu tena na kumulika tena. Safari hii weusi umetulia. Kwangu mimi hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo: kutafuta kiasi kidogo kabisa kinachotosha.

Kingo za boneti anazibandika tepu ya karatasi, kwa kuwa kwenye kona rangi ni nyembamba na mashine huila upesi. Anadondosha matone machache kwenye sponji, anayasambaza kwa mwendo wa chini ndipo anaongeza kasi. Mashine inakwenda kushoto na kulia, kisha juu na chini, kila mpito ukilalia nusu ya uliotangulia. Mkono hauharakishi. Akimaliza kipande anakifuta kwa spiriti iliyochanganywa na maji, ili mafuta ya polishi yasimdanganye kwa kuficha mikwaruzo.

Nta aliyochagua ni ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini-mashariki ya Brazil. Majani hujipaka nta hiyo yasipoteze maji wakati wa ukame. Watu huyakausha, hukung'uta unga wake na kuuyeyusha. Peke yake ni ngumu, huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 80 za Selsiasi, hivyo ile ya kopo imelainishwa kwa mafuta. Fundi anazungusha sponji ndani ya kopo mara moja tu, anapaka tabaka usiloliona vizuri ila ukiinama. Plastiki nyeusi za pembeni anazikwepa, kwani nta huzitia weupe.

Anasubiri. Anapitisha kidole: nta inavutika, bado. Baadaye anarudia, na safari hii kidole kinaacha mstari safi. Anachukua kitambaa, anakikunja mara nne na kuanza kufuta, akigeuza upande kila unapojaa.

Mwenye gari anauliza arudi lini. Fundi anamwambia anyunyize maji baada ya miezi miwili hivi. Yasipojikusanya tena kuwa matone, nta imekwisha. "Utakuja kwa nta, bosi. Polishi tuiache kwanza."