Mji wa Mawe na Watu wa Namba

Anayetaka kuusoma mji wa Tanga kwa miguu, peke yake, bila ya mwongozaji, afadhali aanzie safari yake Kabuku. Mji huo mdogo wa Handeni, ulioko kwenye barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, haukusimamishiwa sanamu. Mabasi hupita, machungwa huuzwa kando ya njia, na mkonge umo katika historia ya ardhi yake kama ulivyo katika historia ya jirani yake, Korogwe. Akishayaona hayo, msafiri atayatazama majengo ya Tanga kwa jicho jingine.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoiagiza, iliyofika hai ni 62 tu. Mwaka huohuo ilianza kujengwa reli kutoka Tanga, nayo ikafika Korogwe mwaka 1902. Kutokana na miche hiyo michache Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa uzalishaji wa mkonge, na Tanga ikawa bandari yake.

Matembezi yenyewe si marefu. Ipo bustani ya Jamhuri inayoitazama bandari, upo Mnara wa Saa wa zama za Wajerumani, na limo Boma la kale lililogeuzwa makumbusho. Karibu na mnara pana ukumbusho wa wanamaji wa Kijerumani waliokufa wakati wa vita vya Bushiri. Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kusita. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani mnamo Disemba 1889. Waliokuja kumpiga ndio waliopata jiwe. Yako pia makaburi ya vita vya Novemba 1914, Mwingereza alipojaribu kuuteka mji akashindwa. Wafu wa madola wametunzwa vyema, na hilo si baya.

Lakini wakataji wa mkonge wako wapi? Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Walitoka Songea, Njombe, Msumbiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo maalumu cha kuwaajiri, SILABU. Kila mtu alikuwa na kipande chake chenye siku 30 za kazi, naye hakupata mshahara wake kamili mpaka azitimize zote. Aliyeingia katika kazi kwa namba hakutarajiwa kutoka humo kwa jina, na mji umeendelea kuutii utaratibu huo. Hata mkonge wenyewe una heshima zaidi: ipo hoteli kule Raskazone iliyopewa jina lake. Mmea umetajwa, mkono uliouchuma haukutajwa.

Huenda ikajibiwa kuwa majengo ni ukumbusho tosha wa jasho lililoyalipia. Jawabu hilo ni jepesi mno. Jengo humkumbuka aliyelimiliki. Hapa fasihi imeitangulia sanaa ya mawe: Adam Shafi, katika riwaya ya *Kuli*, aliwapa wapagazi wa bandari ya Unguja nafsi na sauti, na mgomo wao wa 1948 haukuachiwa mafaili ya serikali peke yake. Manamba wanastahili angalau bamba moja la shaba penye kituo cha reli cha Korogwe, na jingine Kabuku, hapo mabasi yanaposimama, liandikwe majina kutoka kwenye vipande vilivyosalia.