Dragon Systems: kampuni iliyoitegemea hesabu ikaacha kanuni

Mwaka 1997 kampuni ya Dragon Systems ya Newton, Massachusetts, ilitoa NaturallySpeaking, programu ya imla iliyomruhusu mtumiaji wa kompyuta ya kawaida kuongea mfululizo na kuona maneno yake yakijiandika. Msingi wake wa kitaalamu ulikuwa umewekwa zaidi ya miaka 20 kabla.

Mapema miaka ya 1970, wizara ya ulinzi ya Marekani ilikuwa ikigharamia utafiti mkubwa wa kuifanya kompyuta ielewe usemi. Watafiti wengi waliamini kwamba mashine ifundishwe kama mwanafunzi wa isimu: ipewe kanuni za matamshi, za sarufi na za maana. James Baker, mwanahisabati aliyekuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alishika njia nyingine. Mfumo alioukamilisha mwaka 1975, akauita Dragon, ulikuwa na nyenzo moja tu ya kihisabati, modeli fiche ya Markov.

Unafanya kazi hivi. Sauti hukatwa vipande vidogo, kila kimoja kama sehemu moja ya mia ya sekunde, na kila kipande hugeuzwa kuwa tarakimu. Kisha mashine hutafuta, kati ya sentensi zote zinazowezekana, ile ambayo ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa chanzo cha tarakimu hizo. Hupima mambo mawili kwa pamoja: sauti inalingana kiasi gani na neno, na neno hilo hufuata mara ngapi maneno yaliyolitangulia. Kiingereza kina "to", "too" na "two", yote yakitamkwa sawasawa. Sikio peke yake haliwezi kuyatofautisha. Lakini mashine iliyopitia maandishi mengi imeshahesabu kwamba baada ya "I want" na kabla ya "go", "to" huja mara nyingi zaidi kuliko wenzake. Huchagua hilo bila kujua kitenzi ni nini.

Baker na mkewe Janet, mtaalamu wa biofizikia, walifanya kazi IBM, wakahamia Verbex, na mwaka 1982 wakaanzisha kampuni yao nyumbani bila mtaji wa mwekezaji. Hisabati walikuwa nayo; kompyuta ya kuibeba haikuwapo sokoni. Hapo ndipo uhodari wao wa kibiashara ulipoonekana: walilipunguza tatizo likalingana na mashine zilizokuwapo. DragonDictate ya mwaka 1990, iliyouzwa dola 9,000, ilitambua maneno yapatayo 30,000 kwa sharti moja, kwamba mtumiaji anyamaze kidogo baada ya kila neno.

Sharti hilo lilikuwa na sababu. Ukinyamaza, mashine inajua neno limeanzia wapi na limeishia wapi, hivyo kazi yake ni kuchagua neno moja katika orodha. Ukiongea mfululizo, kila nukta ya sauti inaweza kuwa mwisho wa neno moja na mwanzo wa jingine, na sauti za mwisho humezwa na za mbele yake. Idadi ya njia za kuchunguza inafumuka. Kuongea kwa kusitasita kulichosha, lakini kwa watu wasioweza kutumia mikono yao kibodi ilikuwa mbaya zaidi, na wao walikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo.

Kufikia 1997 prosesa za Pentium zilikuwa na kasi ya kutosha, mradi programu itupe mapema njia zenye uwezekano mdogo badala ya kuzifuata zote. Mtumiaji wa NaturallySpeaking alianza kwa kuisomea programu maandishi kwa muda ili ijifunze sauti yake. Ikikosea, alisema "scratch that" na kifungu cha mwisho kikafutika. Akisahihisha neno, marekebisho yaliingia katika hesabu za siku zijazo. Miezi michache baadaye IBM ilileta ViaVoice, na vita vya bei vikaanza.

Anguko halikutoka maabara. Mwaka 2000 Dragon iliuzwa kwa Lernout & Hauspie ya Ubelgiji kwa thamani ya takriban dola milioni 580, yote ikilipwa kwa hisa. Mwaka huohuo ikafichuka kwamba mauzo ya mnunuzi huyo, hasa ya Korea, yalikuwa yametiwa chumvi. Mnunuzi akaomba kinga ya ufilisi na hisa zikawa makaratasi. Familia ya Baker iliishtaki Goldman Sachs, iliyokuwa mshauri wa Dragon katika mauzo hayo, na mwaka 2013 mahakama ya Boston ikaamua kwa upande wa benki. Teknolojia ilinunuliwa na ScanSoft mwishoni mwa 2001. Kampuni hiyo ilichukua jina la Nuance mwaka 2005, na mwaka 2022 Microsoft ikakamilisha kuinunua kwa takriban dola bilioni 19.7, madeni yakiwemo.

Wazo la kuhesabu ndilo lililodumu, nalo linatuhusu. Dragon ilitunza kamusi ya maneno kamili, jambo linalokidhi Kiingereza, ambacho kitenzi chake kina maumbo machache. Kwetu, "soma" peke yake huzaa nilisoma, hawakusomeshwa, watakaotusomea na maelfu mengine. Orodha ya maneno 30,000 ingemezwa na vitenzi vichache. Programu ya Kiswahili inahitaji kuhesabu vipande vya maneno, na inahitaji sauti nyingi za wasemaji wa Unguja, Mwanza, Nairobi na Lubumbashi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za Kiswahili kutoka kwa yeyote anayejitolea. Mwenye simu na dakika chache za faragha aingie, asome sentensi zake, na ahakiki za wengine.