Makato ya korosho: lipi litangulie?

Korosho za Nachingwea na Ruangwa huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ukapimwa na kupangiwa daraja, ukaenda ghala kuu, kisha ukaingia mnadani kupitia RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Tangu msimu wa 2024/25 minada hiyo inaendeshwa kwenye mfumo wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania. Bei ikishatangazwa, inapita kwenye makato ndipo imfikie mkulima.

Kwa mwandishi wa programu, safari hiyo ya bei ni fanksheni zilizoungana: kinachotoka kwenye moja ndicho kinachoingia kwenye inayofuata. Kila moja ni fupi, inapimwa peke yake, na kato likibadilika msimu ujao unagusa mstari mmoja tu.

Ugumu uko kwenye mpangilio. Tuseme, kwa mfano tu, bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, kuna kato la asilimia 2 na jingine la shilingi 100. Ukianza na asilimia unapata 2,940, kisha 2,840. Ukianza na shilingi 100 unapata 2,900, kisha 2,842. Shilingi mbili kwa kilo utasema si kitu. Kwenye tani 1,000 ni milioni mbili, na mkutano wa AMCOS hautakuacha utoke bila kuzieleza. Na mitego haiishi hapo: msimbo ulioandikwa toaMia(toaAsilimia(bei)) huanzia ndani, kwa hiyo anayeusoma kuanzia kushoto huona mia ndiyo imetangulia.

Kufunga hatua pamoja, kwa upande mwingine, hakuna madhara. Kato la AMCOS na la chama kikuu unaweza kuyafanya fanksheni moja, au ukayaacha mbalimbali. Mradi mfuatano ni uleule, jibu halibadiliki.

Ila kabla ya kuunganisha chochote, uliza: asilimia ya nini? Makato mawili ya asilimia 2 na 3, yote yakihesabiwa kwenye bei ya mnada, humwachia mkulima 2,850. Yakifuatana, la pili likikata kilichobaki, anapata 2,851.80. Kama utaratibu wa msimu unataka hesabu ya kwanza, mnyororo haufai hata ukiupanga upya, kwa sababu fanksheni ya pili haiioni tena ile 3,000. Hapo kila kato lipewe bei ya mnada moja kwa moja, yajumlishwe, ndipo yatolewe kwa mara moja.