Mosi Januari

Kitabu cha Scott Ambler na Pramod Sadalage kiitwacho Refactoring Databases kilitoka mwaka 2006. Nimekisoma mara mbili: kwanza nikiwa fundi mwenye haraka, kisha nikiwa mtu aliyekwisha kuharibu.

Kinahusu kazi ambayo hakuna anayeisifu. Kanzidata ni majedwali yanayotunza taarifa za watu, na majedwali hayo hayana budi kubadilishwa huku watu wakiendelea kuyatumia. Fundi hujaribu badiliko kwenye nakala yake. Likikubali, hulipeleka kwenye kanzidata ya kazi. Waandishi wanashauri kila badiliko liwe dogo, liandikwe kuwa hati ya amri, na hati hiyo itunzwe pamoja na programu. Ushauri huo umeenea mno, na mafundi wengi wameishia hapo.

Kwangu mimi utamu wa kitabu uko kwingine, katika kile wanachokiita kipindi cha mpito. Tuseme salio linahamishwa kutoka jedwali la wateja kwenda jedwali la akaunti. Hawasemi futa huku uandike kule. Safu zote mbili zikae pamoja, kanzidata yenyewe izilinganishe kila moja inapobadilika, mpaka programu zote zinazosoma ile ya zamani ziwe zimehama. Ndipo ifutwe, kwa tarehe iliyotangazwa mapema. Wanakubali kwamba kungoja huko kwaweza kuchukua miaka. Ni nadra fundi kuandika kitabu cha kusifu subira.

Ugomvi wangu nao ni juu ya kurasa chache tu, zile za kuikataza safu isiwe tupu. Wanaeleza, na ni kweli, kwamba nafasi tupu zilizopo lazima zijazwe kwanza kwa thamani ifaayo. Ifaayo! Neno hilo wamelipita mbio, nami ndipo nilipoanguka.

Nilikuwa nikitunza kanzidata ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Tuliamua tarehe ya kuzaliwa iwe ya lazima. Katika nakala yangu walikuwamo wanachama mia mbili wa kubuni, wote nimewapa tarehe mwenyewe, na hati ikapita bila neno. Kwenye kanzidata ya kazi ikagoma, maana wanachama wa zamani hawakuwa na tarehe. Ilikuwa usiku na asubuhi ofisi ilitakiwa ifunguliwe. Nikaongeza mstari mmoja: palipo tupu, weka 1 Januari 1950. Ikapita.

Baada ya majuma kadhaa mama mmoja alinyimwa mkopo kwa kuwa umri umempita. Hakuwa mzee hata kidogo. Nikaendesha hati ya kurudi nyuma, niliyokuwa nimeiandika kwa uangalifu kama kitabu kinavyotaka. Katazo likaondoka, tarehe zikabaki. Wala sikuweza kuzifuta kwa amri moja, kwa sababu wazee wetu wengi wasioijua siku yao huandikishwa mosi Januari, na wa mwaka 1950 walikuwamo wa kweli. Nani alisema mwenyewe, na nani nilimzalisha mimi? Nakala ya akiba ya usiku ule ilikwisha kuandikwa nyingine juu yake.

Naam, waandishi wangeweza kunijibu kwamba subira yao ingeniokoa: ningeweka safu mpya kando, ile ya zamani nikaiacha na utupu wake mpaka kila mwanachama aulizwe. Wana haki. Lakini basi wangeliandika hilo palepale kwenye neno ifaayo, kwamba utupu nao ni taarifa, na kwamba hati ya kurudi nyuma hurudisha umbo la jedwali tu.

Tulifungua makabati na kupitia fomu za karatasi, moja baada ya nyingine, muda wa miezi miwili. Baadhi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Wenye fomu hizo tuliwatafuta kwa simu, na wale tusiowapata walibaki na tarehe niliyowapa.