Mita Haijui Kunyamaza

Washa multimita ya mezani, iweke kwenye milivolti, kisha acha probu zake zilale mezani bila kugusa kitu. Kioo hakitabaki kitupu. Tarakimu zitapanda na kushuka, zitageuka kutoka chanya kwenda hasi, zitatulia kidogo na kuondoka tena. Hakuna betri wala saketi inayopimwa, lakini namba ipo, tena na desimali zake zote. Chanzo ni ubora wa mita yenyewe. Kwenye vipimo vya chini, ukinzani wa mlango wake unaweza kuzidi omu bilioni 10, kwa hiyo umeme kidogo tu unaotoka kwenye taa, kwenye nyaya za ukutani au kwenye mkono wa mpita njia unatosha kuisukuma.

Mita haijui kunyamaza. Kazi ya kutambua lini namba ni habari na lini ni kelele ameachiwa fundi, na mimi naiheshimu kazi hiyo kuliko nyingi zinazopigiwa makofi. Mashine ya hospitali, inveta ya sola na mtambo wa redio vyote vimesimama juu ya mtu fulani aliyepima akasema kweli.

Chombo hiki kilizaliwa kutokana na adha za kazi. Donald Macadie, mhandisi wa shirika la posta la Uingereza, alikuwa akihitaji vyombo tofauti kupima volti, mkondo na ukinzani. Akaviunganisha kuwa kimoja, na mwaka 1923 mita ya aina hiyo ikaingia sokoni. Ilikuwa ya mshale, na mshale una adabu yake: unene wake kwenye kioo humkumbusha msomaji kwamba kipimo kina ukomo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Andrew Kay wa California alitengeneza voltimita ya tarakimu. Mshale ukaondoka, na ukumbusho wake ukaondoka nao. Tangu hapo namba inakuja imenyooka, kana kwamba haina shaka hata chembe.

Chukua mfano wa mita niipendayo, HP 34401A, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuuzwa kwa zaidi ya miaka 20 chini ya majina ya Hewlett-Packard, Agilent na Keysight. Ni mita ya tarakimu sita na nusu. Ukipima volti 10, inatofautisha hatua za maikrovolti 10. Lakini fungua kitabu chake usome ahadi ya mtengenezaji: mwaka mmoja baada ya ugezi, yaani kuilinganisha mita na kipimo cha kuaminika, usomaji wa volti 10 unaaminika ndani ya takribani maikrovolti 400. Yaani hatua 40 za mwisho unazoziona zikibadilika kwenye kioo ziko nje ya ahadi. Zinafaa kulinganisha kitu na kitu kwa muda mfupi, hazifai kuapia. Anayejua mpaka huo ulipo ndiye ninayemwita fundi wa vipimo.

Ufundi huu huanza na subira. Ndani ya mita hiyo kuna daiodi ya zena inayotoa volti ya kulinganishia, nayo ina hita yake ndogo ya kuipasha joto ili mabadiliko ya hewa ya nje yasiisumbue. Sehemu nyingine zote nazo zinahitaji muda wa kufikia joto lao la kazi. Ndiyo maana kitabu kinadai mita iwe imewashwa kwa saa nzima kabla ya kudai usahihi ulioahidiwa. Fundi mzuri huwasha mita kwanza, ndipo akafungua kifaa cha mteja, akasafisha bodi, akasoma mchoro. Mita ikiwa tayari, naye yuko tayari.

Subira ya pili imo ndani ya kila usomaji. Umeme wa gridi huku kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake huingia kila mahali. Mita haichukui kipimo kwa kufumba na kufumbua. Hukusanya volti kwa muda wa mzunguko kamili, milisekunde 20, ili nusu ya juu ya mvumo ifutwe na nusu ya chini. Ukiiamuru ikusanye kwa mizunguko 10, unasubiri sehemu ya tano ya sekunde, na tarakimu zinatulia. Ukitaka haraka, utapata namba nyingi zenye kelele. Chaguo ni lako, na kitufe kipo.

Kisha kuna uteuzi wa njia, na hapa ndipo utamu wa kazi ulipo. Tuseme inveta ya sola imeletwa mezani na unashuku ile rizista ndogo ya kupimia mkondo, ambayo inapaswa kuwa na miliomu 10. Kwa probu mbili za kawaida huwezi hata kuanza, maana nyaya zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko rizista unayoitafuta. Fundi aliyesoma atatumia waya nne: mbili zipeleke mkondo, mbili zisome volti moja kwa moja kwenye miguu ya rizista. Hatua nzuri, lakini bado haitoshi. Kwenye kipimo cha omu 100, HP 34401A hupitisha miliampea moja tu, kwa hiyo rizista inatoa maikrovolti 10, na ukomo wa ahadi ya mita hapo ni karibu miliomu 4. Utakuwa umepima miliomu 10 kwa shaka ya miliomu 4. Kioo kitaonyesha namba safi, na namba hiyo haitakusaidia kitu.

Fundi aliyekomaa anaacha kabisa kipimo cha omu. Anapitisha mkondo wa ampea moja kutoka kwenye pawa saplai, na katika njia hiyo hiyo anaweka rizista nyingine ambayo thamani yake inajulikana vizuri. Anasoma volti ya ile ya kwanza, kisha ya pili, anagawanya. Mkondo ni mmoja kwa zote mbili, kwa hiyo hata thamani yake kamili haimhusu, mradi usitetereke. Halafu anageuza mwelekeo wa mkondo na kurudia, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana mahali penye joto hutoa volti yao ndogo. Hata joto la vidole linatosha kuongeza maikrovolti kadhaa. Kwa kugeuza mkondo na kuchukua wastani, volti hiyo ya uongo hujifuta. Mita ni ile ile, haikuongezwa hata skrubu moja. Kilichoongezeka ni akili ya anayeitumia.

Utunzaji nao ni sehemu ya ufundi huu huu. Tunaoishi Tanga, Mombasa au Unguja tunajua kile ambacho chumvi na unyevu wa bahari hukifanyia chuma. Kwenye mita hufanya jambo la kimyakimya zaidi. Tabaka la unyevu, vumbi na mafuta ya ngozi katikati ya matundu ya kupimia hugeuka njia ya umeme kuvuja, na ukinzani wa mamilioni ya omu husomeka pungufu. Kwa hiyo futa uso wa mita kwa kitambaa laini, usiyaguse matundu kwa mikono yenye jasho, acha nafasi nyuma yake ipumue, na usiiweke juu ya kifaa kinachotoa joto. Hakikisha kichagua volti kilichopo nyuma kimewekwa kwa umeme wa nchini, maana mita iliyoagizwa kutoka Marekani huenda imeachwa kwenye volti 120.

Probu ikitoka kwenye tundu la mkondo, irudishwe kwenye tundu la volti papo hapo. Tundu la mkondo lina ukinzani mdogo sana, na ukiligusisha na chanzo cha volti umetengeneza shoti. Fyuzi ipo kwa ajili ya siku hiyo. Ikikatika, weka ya aina ile ile, yenye ampea na volti zile zile. Anayefunga kipande cha waya mahali pa fyuzi ameondoa kizuizi cha mwisho kati ya kosa dogo na mkono wa mtu. Na kabla ya kupima omu, zima saketi na maliza chaji ya kapasita zote.

Baada ya yote hayo, mita nayo inapimwa. Muuza nyama hukaguliwa mizani yake na Wakala wa Vipimo; mita ya fundi inastahili heshima hiyo hiyo. Maabara za ugezi za mashirika ya viwango, TBS nchini Tanzania na KEBS nchini Kenya zipo kwa kazi hiyo. Kutoka huko mnyororo unapanda mpaka kwenye vipimo vya kimataifa, ambako volti hutengenezwa kwa athari aliyoitabiri Brian Josephson mwaka 1962 akiwa bado mwanafunzi Cambridge, na volti yenyewe tangu tarehe 20 Mei 2019 imeegemezwa juu ya thamani zisizobadilika za maumbile. Mita iliyo kwenye karakana ya mtaani inaweza kushika mkia wa mnyororo huo.

Ukiipeleka maabara, omba wakuandikie namba walizokuta kabla hawajarekebisha chochote. Hizo ndizo zitakazokuambia kama vipimo ulivyotoa mwaka mzima vilikuwa vya kweli. Ziandike, na mwaka unaofuata uandike tena, mpaka uone mita yako inaelekea wapi na kwa mwendo gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na usahihi ni mali. Stika ya ugezi inasema mita ilikuwa sahihi siku moja. Daftari linaonyesha tabia yake.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, na wewe uliyekwisha kuzeekea humo, nina ombi moja. Unapomwandikia mtu namba, iandike pamoja na ukomo wake: volti kadhaa, kuongeza au kupunguza kiasi kadhaa, kwa mita iliyogeziwa tarehe fulani. Mteja asipoelewa leo, ataelewa siku kifaa chake kitakapodumu. Na kama mita yako haijapita maabara mwaka huu, ipeleke kabla hujatoa hukumu nyingine kwa jina lake.