Bluberi ilivyotolewa porini ikaingia shambani

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Wamarekani walichuma bluberi porini. Waliojaribu kuzilima waliambulia vichaka vilivyodumaa. Mwaka 1906 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alianza majaribio yake kwa kuchunguza kwanza udongo ambao mmea huu unautaka.

Majibu yalikwenda kinyume na mazoea ya wakulima. Udongo uliorutubishwa kwa samadi na chokaa ndio uliokuwa ukiidhuru bluberi. Mmea huu hustawi kwenye udongo wenye tindikali, pH ya 4.5 hadi 5.5, penye mboji na unyevu usiotuama. Mizizi yake haina vinyweleo, hivyo hutegemea kuvu waishio ndani yake kujipatia chakula. pH ikipanda, mmea hukosa madini ya chuma: jani huwa la manjano, mishipa ikabaki kijani.

Coville alichapisha matokeo hayo mwaka 1910. Elizabeth White, binti wa mkulima wa kranberi huko Whitesbog, New Jersey, aliyasoma akamwalika washirikiane. White aliwapa wachumaji kipimo chenye tundu la milimita 16 hivi. Aliyepata kichaka chenye matunda yasiyopenya humo alilipwa, na kichaka kikapewa jina lake. Aina ya Rubel ilipatikana hivyo, na ingali inalimwa. Coville alichavusha vichaka bora kwa mkono, na miche ikazalishwa kwa vipandikizi. Mwaka 1916 mavuno ya kwanza yakaingia sokoni.

Coville alibaini pia kwamba bila baridi ya kutosha machipukizi hayaamki. Kizuizi hicho kililegezwa baadaye na watafiti wa Florida, waliochanganya bluberi ya kaskazini na jamaa zake wa porini waliozoea joto. Aina za namna hiyo ndizo zilizofungua njia ya kilimo cha bluberi hata katika nyanda za juu za Kenya.

Kwa maoni yangu, siri ya mafanikio haya ni mpangilio: udongo kwanza, aina bora baadaye, na wachumaji walioujua msitu wakathaminiwa. Basi wewe unayevutiwa na bei ya bluberi, pima udongo kabla ya kununua hata mche mmoja. Usiweke chokaa, chagua mbolea ya SA (salfeti ya amonia) badala ya CAN (nitrati ya amonia yenye kalsiamu), na umuulize muuza miche aina yake inahitaji baridi kiasi gani. Akishindwa kukujibu, usinunue.