Santuri ya Head (1968): Sauti Inapoihakiki Filamu

Wahakiki wengi wamezoea kuiona santuri ya muziki wa filamu kama kijakazi wa picha. Makala haya yanadai kwamba santuri ya filamu ya Head, iliyotolewa Marekani mwaka 1968, ni matini inayojitegemea na inayoisoma filamu yake upya. Kama ulivyo usomaji wowote, inafichua jambo moja na kufunika jingine.

Filamu iliongozwa na Bob Rafelson, aliyeshirikiana na Jack Nicholson kuandika mswada. Wahusika wakuu ni The Monkees, kundi la vijana wanne lililoundwa kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha 1966 hadi 1968, na ambalo lilishutumiwa mapema kwamba halikupiga ala katika rekodi zake. Msuko wa filamu ni wa duara: inaanza kwa mruko kutoka darajani na kurejea papo hapo mwishoni.

Nicholson ndiye aliyeiratibu santuri. Nyimbo kamili ni sita tu. Baina yazo amepachika vipande vya mazungumzo na kelele, bila kufuata mfuatano wa filamu, hivi kwamba maneno ya tukio moja yanagongana na ya tukio jingine. Msikilizaji, akiwa amenyimwa picha, hana budi kujijengea maana. Kwa maoni yetu, usaikedelia wa kazi hii umo zaidi katika ukataji huu kuliko katika mwangwi wa ala. Hata jalada lake, lililong'arishwa kama kioo, lilimrudishia mnunuzi sura yake mwenyewe.

Hata hivyo, ukataji huo una gharama. Santuri imehifadhi sauti ya umati ukitaja neno "vita" herufi kwa herufi, kama mashabiki uwanjani. Katika filamu, kejeli ya ushangiliaji huo inathibitishwa na picha halisi za Vietnam, ikiwemo ile ya mfungwa anayepigwa risasi kichwani mjini Saigon, Februari 1968. Santurini shangwe imebaki, maiti ameondoka. Vivyo hivyo, wimbo "Circle Sky", ambao kundi linaupiga lenyewe jukwaani katika filamu, umewekwa santurini kwa toleo la studio. Ushahidi mmojawapo ambao vijana hao walikuwa nao dhidi ya washutumu wao ukapotea katika matini iliyodai kuwavua barakoa.

Mtafiti wa fasihi simulizi atalitambua tatizo hili, kwani naye huchagua kipi cha utendaji kiingie katika maandishi na kipi kiachwe. Uchaguzi wa mhariri, kwa hivyo, unastahili kuhakikiwa sawa na utunzi wenyewe. Anayeisikiliza Head bila kuitazama anasikia tashtiti kali dhidi ya biashara ya burudani, lakini haoni ni nani aliyekuwa akifa wakati burudani hiyo ikiuzwa.